Lebo ya Samaki Karani

4 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua barua hii itakukuta kwenye kiwanda chenu cha barafu, umevaa lile koti zito na soksi mbili mbili, huku watu wa nje wanajipepea kwa magazeti. Sisi hatujambo. Wifi yako hajambo, ila ametangaza vita na sukari. Chai naipata chungu kama adhabu, naye anakaa mbele yangu mpaka niimalize. Binti yako mkubwa, huyu niliyekuzalia mimi, anajifunza kuendesha gari. Jumamosi alinipeleka sokoni akanirudisha, na tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa sala. Mdogo wake bado anatafuta kazi, nayo kazi inamkwepa kwa ustadi mkubwa. Mimi goti la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba nina miaka hamsini na minne, kana kwamba nilisahau.

Hapa makumbusho mambo ni yale yale. Chupa zangu elfu sita zipo, kila chupa na samaki wake, kila samaki na lebo yake. Kazi yangu ni kuongeza spiriti inapopungua na kuhakikisha hakuna anayeamka.

Lakini kuna jambo dogo. Tangu mwezi wa kumi na mbili amekuja kwetu mama mmoja mtaalamu wa samaki. Tunamwita Daktari, ingawa wagonjwa wake wote wamekwisha kufa. Anazipitia rafu moja moja. Wiki iliyopita aliishusha chupa namba 1147, akakaa nayo siku mbili, kisha akaja mezani kwangu ameipakata kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe. Akaniuliza, "Mzee wangu, huyu ni nani?" Nikamwambia ni samaki wa zamani tu. Akasema hakuna kitabu chochote duniani kinachomtaja.

Ni yule mdogo, dada. Urefu wa kidole, hana magamba, ana rangi ya kutu, ingawa siku hizi spiriti imemchujua akawa kama chai ya maziwa. Mapezi yake ya mbele ni kama viganja, hutembea badala ya kuogelea, na kila jicho lina duara jeupe kama miwani. Tulimwita karani. Ulisema anafanana na mimi.

Daktari anataka kwenda baharini kumtafuta aliye hai, kisha ampe jina la Kilatini linalotokana na jina la mtu aliyempata. Kwa hiyo nauliza tu, bila haraka yoyote: unakumbuka yule samaki alitoka wapi?

Wifi yako anakusalimu sana.

Mdogo wako

*

27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilikaa siku sita kwa mlinzi wa getini, ambaye aliitumia kubania dirisha lisijifunge. Usinipigie simu kuuliza kama imefika. Mashine za barafu zimeshakula masikio yangu, na wewe kwenye simu unacheka katikati ya kila neno. Andika. Ukiandika angalau unanyamaza kidogo.

Mimi sijambo. Kile chumba cha nyuma alichokuwa akilala Mama nimekitia mabati mapya. Sasa mvua ikinyesha nasikia, hata kwa masikio haya. Kiwandani wamenifanya msimamizi wa zamu zote mbili, maana yake ni kwamba nagombana na watu wengi zaidi. Binti yangu mwambie asiogope gia ya kurudi nyuma. Ni kama kufuma, unaangalia ulikotoka. Mdogo wake mwambie aje huku, mabonge ya barafu ya kubeba hayajawahi kuisha.

Kuhusu samaki. Nipo hapa mwaka wa thelathini na mmoja. Samaki waliopita mbele yangu kufuata barafu wangejaza mji mzima, na wewe unaniuliza mmoja wa urefu wa kidole.

Halafu mimi nakujua. Swali lako limekuja limevaa suti. Mwenye chupa ni wewe, mwenye lebo ni wewe, na ulijifunza kuandika kwa mkono wangu. Kwani lebo inasemaje? Isome, unijibu.

Dada yako

*

16 Machi

Dada,

Shikamoo. Hatujambo, ila binti yako ameshindwa mtihani wa udereva. Mkaguzi alishuka njiani akamalizia safari kwa miguu.

Lebo inasema hivi: "Amevuliwa kwa wavu wa kukokota, kina cha mita themanini, mashariki ya mwamba mkubwa. Aliyempata:" halafu jina langu, la baba na la babu, kwa penseli, kwa mwandiko ambao mwenyewe nikiutazama leo nauonea wivu.

Kabla hujaiweka barua chini, nikukumbushe nilivyokuwa. Nilikuwa na miezi mitano kazini. Wakanipa sanduku la mabati, chupa ishirini na siku kumi, niende kwenu nikapande boti nikusanye samaki. Boti nilipanda. Hatukuwa tumepita hata mwisho wa gati nilipoanza kutapika. Nahodha akaniuliza nimekula nini, nikamwonyesha. Wakanirudisha, wakanishusha kwenye ngazi kama gunia la viazi. Siku zilizobaki unajua nilizimalizia wapi: kitandani kwako, na wewe ukilala chini chumbani kwa Mama.

Niliporudi kazini nilikuwa na samaki saba wa kununua sokoni, ambao hata watoto wa shule wanawajua, pamoja na karani. Fomu ikataka mahali, kina, chombo, na jina la mtu. Nikaona nikiandika "nimepewa na dada" nitafungashiwa virago siku hiyohiyo. Mita themanini nilizitoa kwenye ramani. Zilionekana ni kina cha mtu anayejua kazi yake.

Nilidhani hakuna atakayekuja kusoma. Miaka ishirini na miwili hakuja mtu. Sasa Daktari amekwenda huko mashariki ya mwamba wiki mbili nzima, akashusha nyavu mita themanini usiku na mchana, akarudi pua imebabuka na ndoo tupu. Mwezi wa tano anakwenda tena, na hiyo ndiyo safari ya mwisho aliyoruhusiwa. Akikosa, ataandika kwamba samaki huyu alionekana mara moja tu na sasa hayupo tena duniani. Na huenda saa hii karani anatembea mahali na miwani yake, hana habari kwamba anaandaliwa mazishi.

Juu ya hayo, wifi yako ameshauambia mtaa mzima kwamba kuna samaki anakuja kuitwa kwa jina langu. Kinyozi sasa ananiita Bwana Samaki, tena ananinyoa kwa heshima.

Niambie mahali tu, dada. Nitajua namna ya kumpenyezea Daktari bila kuvuruga mengine.

Mdogo wako

*

9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ya Machi iliwahi kufika. Mimi ndiye niliyechelewa. Ningeweza kusema kompresa iliharibika, na kweli iliharibika. Tulikaa siku nne tukiitazama barafu ikiyeyuka kama watu waliozunguka kitanda cha mgonjwa. Lakini hizo ni siku nne, si miezi mitatu.

Picha ya binti yangu nimeipata, nimeiweka juu ya kabati. Amechukua paji la uso la Mama. Asijali mtihani.

Unauliza samaki alitoka wapi. Siku ulipomchukua hukuuliza. Hukuuliza kwa sababu ulikuwa unamjua aliyemleta. Ulikaa naye mezani kwetu siku ya Alhamisi, yeye amevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono inang'aa, kazi yake kupiga mbizi bandarini, kukagua minyororo na nguzo za gati. Alikuja kuzungumza na wewe kwa sababu Baba alikuwa amekwisha kufariki na mwanamume wa nyumba ulikuwa wewe, mtoto wa juzi. Alipotoka ukamwita Bwana Mapovu. Mama alicheka mpaka akakohoa. Mimi nikaosha vyombo.

Mpiga mbizi haleti maua. Alikuwa ameniletea ndoo ya maji ya bahari, ndani yake samaki. Akasema, "Huyu ni karani. Anakaa kule chini anasoma, hamsumbui mtu. Nimeona umpate wewe." Kwa hiyo hata jina la karani ni lake, si letu. Nilimweka kwenye beseni, pale kwenye korido ya chumba cha barafu penye ubaridi, siku tatu, nikimbadilishia maji asubuhi na jioni. Siku ya nne ukakaa juu ya sanduku lako la mabati ukasema utafukuzwa kazi. Nikakupa beseni. Ulipofungua spiriti nilitoka nje.

Mahali alipomtoa aliniambia. Aliniambia mimi, hakuliambia jumba la makumbusho. Siwezi kukupa kitu kilekile mara mbili. Na ruhusa sina pa kuiombea, kwa maana tangu mwaka ule tunasalimiana kwa kutikisa vichwa tu, kila mtu upande wake wa barabara. Ulimwambia utamwandikia jibu. Alingoja. Mimi pia nilingoja, nikakata tamaa nyuma yake kidogo.

Wifi msalimie sana. Kuhusu chai, yuko sahihi.

Dada yako

*

28 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara moja na nusu. Hiyo nusu nyingine nitaimaliza.

Binti yako amefaulu mtihani, mara ya tatu, na mkaguzi mwingine. Wifi yako ana mafua. Kijana ameahidiwa kazi ya kupanga vitabu maktaba, tunangoja.

Daktari amerudi. Hakupata kitu. Alikuja chumbani kwangu akakaa kwenye kile kigoda ninachopandia rafu za juu, magoti yakimfika kidevuni, akafungua daftari.

"Mzee wangu, siku ile maji yalikuwa ya rangi gani?"

"Ya kawaida," nikasema.

"Kawaida ya kijani au kawaida ya buluu?"

"Hapo katikati."

"Na wavu mliuvutia upande gani wa boti?"

"Wa kulia."

Akaandika. Dada, mtu mwenye digrii tatu aliandika daftarini mwake "upande wa kulia", kwa wino, akapiga na mstari chini yake. Kisha akaitazama chupa, akasema taratibu, "Basi amekwisha. Wewe ndiye mtu wa mwisho duniani kumwona akiwa hai. Ulijisikiaje?" Nikasema sikumbuki vizuri. Hilo angalau halikuwa mbali na ukweli, maana siku ile nilikuwa nimefumba macho.

Tarehe ishirini Agosti anasimama mbele ya wakubwa kusoma ripoti yake. Samaki atatangazwa kwamba ametoweka, na siku hiyohiyo atapewa jina langu. Mkurugenzi ameniambia nije na tai.

Nakuomba mahali tu. Jina la mtu yule sitalitaja, wala lako. Nitamwambia Daktari kwamba kumbukumbu zimenirudia, kwamba ramani ya zamani niliishika vibaya. Yeye atampata samaki wake, mimi nitabaki na kazi yangu, na wewe hutasumbuliwa na mtu. Mengine uliyoyaandika tutazungumza tukionana.

Mdogo wako

*

11 Agosti

Dada,

Shikamoo. Wiki sita hujajibu. Nimekubali kwamba hilo nalo ni jibu.

Wifi yako amepona. Kijana ameanza kazi maktaba, na anarudi nyumbani anatuambia tupunguze sauti. Mimi ndiye mwenye habari.

Jumatatu nilimwambia Daktari. Alikuwa anafuta kioo cha chupa kwa kitambaa, nikasema, "Daktari, mimi baharini nimewahi kukaa dakika kumi na moja." Akacheka. Alidhani ni mzaha wangu wa kila siku. Hiyo ndiyo hasara ya kuwa mtu wa mzaha, siku ya ukweli inabidi useme mara mbili. Nikasema mara ya pili. Kwamba wavu haukuwepo, boti ilirudi, mita themanini zilitoka kwenye ramani, na upande wa kulia ulitoka hewani.

Aliweka kitambaa chini.

"Safari mbili," akasema.

"Najua."

"Wiki tano majini, mzee wangu. Nimeacha mtoto nyumbani wiki tano."

"Najua."

Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kurushiwa chupa, ilimradi isiwe hiyo ya karani. Halafu nikaona uso wake unabadilika, tena hanitazami mimi. Akasema, "Kwa hiyo huenda yupo." Nikasema huenda yupo. "Yupo wapi?" Nikamwambia anayejua ni mtu mwingine, na kabla sijapata uso wa kumuuliza nina deni la maneno kwake. Daktari akasema ripoti ataisogeza mpaka mwisho wa mwaka. Jina langu amelifuta kwenye ripoti hapohapo. Alitumia kifutio cha kwenye meza yangu.

Mkurugenzi amenipa barua ya onyo na kunihamishia dirisha la tiketi. Nimekatwa kwenye chupa zangu baada ya miaka ishirini na miwili, sasa nakata tiketi. Lakini uijue sheria moja ya kazi yetu: lebo ikiingia ndani ya chupa haitolewi tena. Ikiwa ina kosa, unaandika ya pili unaitumbukiza kando yake, na zote mbili zinabaki humo, ili atakayekuja ajue nani alisema nini. Uongo wangu utaelea pale na yule samaki mpaka jengo liporomoke. Nimeona ni haki. Wifi yako hakuzungumza nami siku mbili. Siku ya tatu akatia kijiko kimoja cha sukari kwenye chai yangu, akaendelea na shughuli zake.

Sasa ile nusu ya barua yako.

Nilimwambia nitamwandikia. Kazi yangu ni kuandika, dada, naandika hata lebo za dagaa. Sikuandika kwa sababu nilijua nikiandika nitaandika ndiyo, kwa kuwa hakuwa na kasoro hata moja. Hayo mapovu niliyazua kwa kukosa kasoro. Mama alikuwa ameanza kushindwa ngazi. Mimi nilikuwa na kazi mpya mji wa mbali na mchumba asiyependa mambo ya wagonjwa, wakati ule. Nikajiambia, huyu akiolewa, Mama atabaki na nani? Jibu lilikuwa ni mimi. Basi nikanyamaza, na nikauita unyamavu huo kutafakari. Ulimwogesha Mama miaka tisa. Nilikuwa nakuja siku mbili mbili, nachekesha watu, naondoka.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, haina anwani. Ni yake. Ni jibu lile. Siombi mahali pa samaki humo ndani, hata neno. Ukiona inafaa mpe, ukiona haifai itie kwenye jiko. Sijaifunga kwa gundi, ukitaka soma.

Mdogo wako

*

30 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Sijambo. Barua hii naiandikia jikoni, kiwandani wamenipa siku tatu za mapumziko ambazo sikuziomba. Nimefurahi kuhusu kijana. Binti yangu amekuja kunisalimia, peke yake, kwa gari la rafiki yake. Ameligonga geti letu, lakini kidogo.

Kuhusu Mama. Nilijua. Mama naye alijua, alikuwa mgonjwa wa miguu, si wa akili. Nataka ujue jambo moja tu, kisha tuliache hapo. Nyumba yake yule iko hatua mia tatu kutoka kwetu, nimewahi kuzihesabu. Ningeolewa, na bado Mama ningemtunza vilevile. Hukuuliza.

Bahasha yako sikuisoma. Niliiweka kwenye mfuko wa koti la barafu siku kumi na mbili, mpaka ikawa ngumu kama kipande cha bati. Siku ya kumi na tatu nikavuka barabara. Yeye siku hizi hapigi mbizi, sikio la kulia lilipasuka, wamempa ghala la maboya. Anayakwangua kutu na kuyapaka rangi. Mke wake alifariki miaka sita iliyopita, hilo nililijua, nilikwenda mazishini nikakaa nyuma. Nikamwambia, "Kuna barua yako, imechelewa kidogo." Akafuta mikono, akaisoma amesimama, brashi iko mdomoni kama kiko. Ilikuwa ndefu? Maana alisoma muda mrefu. Kisha akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akapaka boya mpaka likaisha upande mmoja.

Akasema, "Kaka yako bado anatapika?"

Nikasema, "Baharini tu."

"Ameandika vizuri," akasema. Basi. Nami sikumuuliza ameandika nini. Nikamweleza habari za Daktari, nikamwambia mahali sijasema kwa mtu, nangoja kauli yake. Akanitazama kama mtu aliyesikia kwa lile sikio bovu. "Miaka yote hii hujasema?" Nikamwambia hakuna aliyeniuliza vizuri. Akasema, "Mwite huyo mama aje."

Daktari alikuja na mifuko minne na mtungi wa hewa. Ni mtu mzuri, anakula haraka mno. Tulikwenda kwa mashua ya bandari mpaka boya la tatu, lile kubwa linalofungiwa meli zinazongoja zamu. Boya hilo limeshikwa chini kwa mnyororo na mabonge ya zege yaliyotupwa zamani, kabla mimi sijaanza kazi. Daktari akashuka, yule wa maboya akashika kamba yake, mimi nikashika mkebe wa chai. Alikaa chini dakika thelathini na tano. Nilizihesabu kwenye saa yangu nikaelewa kitu ambacho sikuwahi kukielewa, yaani jinsi mtu wa juu anavyohesabu.

Alipotoka alivua barakoa. Alitoa vidole kumi, kisha kimoja. Kumi na mmoja, mdogo wangu, wanatembea juu ya zege na miwani yao kama watu waliopoteza funguo. Kina cha mita tisa. Wewe uliongeza sabini na moja. Hakumchukua hata mmoja. Amewapiga picha tu, na amesema watu wa bandari wataandikiwa wasiliguse boya hilo. Jina la Kilatini litatokana na neno karani, usione vibaya.

Imebaki lebo. Daktari ameniambia kuhusu hiyo sheria yenu, akataka kuandika ile ya pili palepale, mezani kwangu, kwa penseli. Akaandika mahali, akaandika mita tisa, akaandika "Aliyempata:", akainua macho. Yule wa maboya akasema liandikwe jina langu, kwamba alinipa, na kilichotolewa ni cha aliyepewa. Mimi nikasema sijawahi kulowesha hata goti, liandikwe lake. Akasema, "Wewe ulimbadilishia maji siku tatu." Nikasema, "Wewe ulishuka." Daktari akangoja mpaka chai ikapoa, kisha akaweka penseli, akasema gari lake linaondoka, tukikubaliana tumwandikie. Tukaomba wiki mbili.

Mimi natoka kiwandani saa kumi, naye hufunga ghala saa hiyohiyo, na njia ni moja. Kwa hiyo tunabishana tukitembea. Jana tulifika mlangoni kwangu bado hatujakubaliana, tukarudi mpaka kwake, huko nako tukashindwa, akanisindikiza tena. Wiki mbili ziliisha tangu Jumanne. Mwambie Daktari aache hiyo nafasi wazi, na asituharakishe.

Dada yako